Dalali anataka mlango wa nakshi wa nyumba ya babu, kaka anataka kuvunja yote. Naombeni ushauri

Mjukuu_Kitumbini:
Habari za majukumu wakuu. Nisiwachoshe.

Tuna nyumba ya familia huku Kitumbini, katikati ya Dar es Salaam, ghorofa moja. Chini kuna fremu mbili za duka, juu anaishi shangazi na wapangaji. Babu aliinunua kwa Mhindi kabla ya uhuru. Majengo yalipotaifishwa mwaka 1971 ikasalimika kwa sababu thamani yake haikufika shilingi laki moja. Babu alifariki, baba naye akafuata, na hati mpaka leo inasoma jina la babu.

Hali ya nyumba si nzuri. Ukuta wa upande wa uchochoroni ulipigwa lipu ya saruji zamani kidogo. Sasa lipu imevimba, ukiigonga inalia kama ina uwazi ndani, na pale ilipobanduka unamiminika mchanga na vipande vya matumbawe. Juu kuna boriti zimeoza pale zinapoingia ukutani. Masika shangazi analala na ndoo pembeni ya kitanda.

Kaka yetu mkubwa kapata mwekezaji: sisi tutoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa kumi, tugawiwe fremu na fleti. Wakati hilo halijaisha, kaja dalali wa vitu vya kale. Huyu nyumba haitaki, anataka mlango wa mbele tu. Ni mbao nzito nyeusi, fremu yote imechongwa maua na mnyororo, kwenye kizingiti cha juu kuna maandishi ya Kiarabu na namba 1348. Pesa aliyotaja inaezeka paa zima upya.

Mzee mmoja jirani akatuonya tusiguse kitu, eti huku kote kuko chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Kaka anasema hizo ni stori za barazani, mbona Posta wanavunja kila siku. Shangazi kasema siku mlango ukitoka, na yeye anatoka.

Je, nyumba inalindwa kisheria au hailindwi? Na mlango tunaweza kuuza? Natanguliza shukrani.

Pweza_wa_Feri:
Mkuu uza mlango, weka geti la chuma, ezeka paa, maisha yaendelee. Mlango haumpikii shangazi.

Karani_Mstaafu:
Pweza usimtie mwenzio matatizoni.

Mjukuu, Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na jengo linaingia humo kwa njia mbili. Ya kwanza ni umri: kilichojengwa kabla ya 1863 kinalindwa chenyewe, hakihitaji kutangazwa. Sasa piga hesabu. Sultani Majid alianza kuujenga mji huu katikati ya miaka ya 1860. Old Boma, pale Sokoine mkabala na boti za Zanzibar, ni kati ya majengo makongwe kabisa mjini, nayo ni ya 1866 au 1867. Maana yake magofu ya Kunduchi yanaingia kwa umri bila shida, lakini mjini kati karibu kila unachokiona kimechelewa. Jiji lote limeikosa tarehe ya sheria kwa miaka michache tu! Huwa najiuliza aliyeuweka mwaka ule alikuwa anaitazama Kilwa au Dar.

Kwa hiyo kwa majengo ya mjini inabaki njia ya pili: Waziri atangaze jengo au eneo kwenye Gazeti la Serikali. Likiwa limetangazwa, limelindwa. Kama halijatangazwa, mzee wako jirani anaweza kuwa na nia njema lakini hana sheria. Na kaka naye akisema "stori za barazani" anabahatisha vilevile, kwa sababu hakuna kati yenu aliyelisoma tangazo.

Andikeni barua kwa Idara ya Mambo ya Kale, iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Tajeni namba ya kiwanja, kitalu na mtaa, ambatanisheni picha za mbele, ubavuni na ndani. Ulizeni mambo mawili, msichanganye: nyumba yenyewe imetangazwa? Na mtaa mlipo umo ndani ya eneo lililotangazwa? Jibu liwe la maandishi, lenye muhuri. La kuambiwa kwa simu halitawasaidia siku mnapoomba kibali cha ujenzi Halmashauri ya Jiji.

Mlango ni habari nyingine. Sheria hiyohiyo inautaja mlango wa mbao, au fremu yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Hiyo 1348 ni mwaka wa Hijria, kalenda ya Kiislamu, inaangukia 1929 hadi 1930. Kama namba imechongwa pamoja na nakshi na haikuongezwa baadaye, basi hata nyumba ikiwa haimo kwenye tangazo lolote, mlango umo. Kuuuza au kuupeleka nje ya nchi kunataka kibali. Dalali hilo analijua kuliko wewe. Akirudi mwombe akuonyeshe kibali chake, utaona jinsi atakavyokumbuka ana safari.

Wakili_Uchwara:
Mnaruka hatua. Hati ina jina la marehemu. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, kaka hana anachoweza kumpa mwekezaji, na wewe huna cha kumuuzia dalali. Kuwa mkubwa si cheo cha kisheria. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mpendekeze jina, mwende mahakamani. Shangazi ni mtoto wa marehemu, kwa hiyo ni mrithi kamili, asiachwe nje ya muhtasari kwa sababu ni mwanamke. Na kama kaka kashasaini karatasi yoyote na mwekezaji, ileteni hiyo karatasi isomwe na mtu kabla mambo hayajaenda mbali.

Mtoto_wa_Uhindini:
Hoja ya kaka kwamba "mbona Posta wanavunja" ina ukweli wake, tusimcheke. Salamander pale Samora, jengo la enzi ya Mjerumani, lilivunjwa na leo jina limehamia kwenye mnara uliosimama palepale. Hoteli ya New Africa unayoiona siyo ile hoteli ya Kaiserhof ya Wajerumani, ile ilishaondoka. Jengo kutajwa kwenye orodha ya kulindwa halafu likavunjwa limeshatokea, na wananchi wanaona.

Kinachoniuma mimi ni kwamba mkianza kuzungumza majengo ya kale ya Dar, watu wanakimbilia hospitali ya Ocean Road, Ikulu, makanisa ya Azania Front na St. Joseph. Upande wa baharini wote. Mjerumani alipohamishia makao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891 alileta na kanuni za ujenzi: huku nyumba za Wazungu, kule za Wahindi, kule za Waswahili. Mpaka leo tukihesabu urithi tunaanzia kwake. Nyumba za Kitumbini, Kisutu na Jamhuri, zenye duka chini, roshani juu na jina la familia kwenye plasta, zinaondoka moja moja na hakuna anayeandika hata taarifa. Kariakoo nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati zimebaki za kutafuta.

Halafu kuhusu ghorofa kumi. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafa. Hapo ni mwendo wa miguu tu toka kwenu. Kaka amuulize mwekezaji mkandarasi ni nani, mhandisi ni nani, na msingi atauchimbaje bila kuangusha kuta za majirani. Akijibu "hayo niachie mimi", ameshajibu.

Pweza_wa_Feri:
Sawa, kuhusu mlango nafuta kauli. Lakini hamjasema paa linalipwa na nani. Serikali ikikukataza kuvunja haikupi bati.

Fundi_Chokaa:
Pweza hapo ana pointi, na mimi nitajibu upande wangu tu. Nimefanya kazi hizi Bagamoyo na Unguja.

Ukuta wenu hauna ugonjwa wa uzee, una ugonjwa wa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu toka ardhini na kuutoa kwa kupumua. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pua. Maji yanabaki ndani na chumvi yake, chokaa ya ndani inalegea inakuwa mchanga, na huo ndio unaouona unamiminika. Wanaokuja na suluhisho la kuongeza saruji nyingine juu yake wafukuzeni.

Mpangilio wa kazi ni huu. Kwanza paa na mifereji ya maji, kwa sababu bila hapo kila kitu chini ni kupoteza pesa. Pili boriti. Msing'oe dari yote. Mara nyingi boriti imeoza kichwa tu, pale ilipogusa ukuta uliolowa, katikati bado ngumu inagoma msumari. Wekeni mwega chini kabla ya kugusa hata moja, na mhamisheni shangazi kutoka chumba hicho leo hii. Halafu lipu ya saruji ibanduliwe polepole, kwa patasi na nyundo ndogo, ukuta uachwe ukauke, ndipo upigwe chokaa.

Na msishangae vyumba vyembamba. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo iliyowapimia wazee vyumba. Fundi akiwaambia avunje ukuta wa kati apate sebule kubwa, anawaangushia ghorofa.

Gharama si ndogo ila haifanyiki siku moja. Paa mwaka huu, ukuta mwakani. Kodi ya zile fremu mbili ianze kuwekwa kando.

Mjukuu_Kitumbini:
Wakuu nimewasoma wote, Mungu awabariki. Nimemtumia kaka uzi mzima. Kajibu "nitasoma", kwa kaka hiyo ni hatua. Kuhusu karatasi, kasema amesaini ya "makubaliano ya awali", nitaipiga picha nikiipata. Shangazi amehamia chumba cha mbele. Barua ya Mambo ya Kale naiandika wiki hii, kikao cha ukoo kimepangwa Jumapili.

Fundi, chokaa ya dukani ya mfuko inafaa au mpaka niagize?

Fundi_Chokaa:
Ya mfuko inafaa kama ni chokaa tupu, soma mfuko vizuri, nyingine zimechanganywa na saruji. Iloweke kwenye pipa na maji yaifunike, iache wiki kadhaa. Ukiipiga mbichi itapasuka yote.

Wakili_Uchwara:
Picha ya hiyo karatasi kabla ya Jumapili. Ficha majina na namba ya kiwanja kwanza.