Thomas Stanley: ndumilakuwili, au mzee aliyelinda ukoo wake?

Wakuu, naleta hoja. Wakitajwa wasaliti wa Vita vya Mawaridi kule Uingereza, vita vya koo za Lancaster na York kugombea taji karne ya 15, Thomas Stanley hatanguliwi na mtu, na sababu ni pigano la Bosworth. Tarehe 22 Agosti 1485 alisimama kando na jeshi lake, ndugu yake William akamvamia Richard III, mfalme akauawa, taji likaenda kwa Henry Tudor. Mimi naona tunamshitaki kwa vita visivyo vyake.

Richard alimdai nini? Juni 1483 alimkamata Stanley barazani, siku ileile mjumbe mwenzake wa baraza, Lord Hastings, alipokatwa kichwa bila kesi. Akamwachia, akampa vyeo, halafu 1485 akamshika mwanawe George awe rehani. Ukinishikia mtoto usinidai kiapo. Tena huyo Henry alikuwa mwanawe wa kambo, kwani Stanley alimwoa mama yake, Margaret Beaufort.

Kinachoniuma ni pigano la Blore Heath, Septemba 1459. Hapo hakuna aliyemshikia mtu rehani. Mashtaka yaliyopelekwa kwenye bunge la Coventry yanasema aliahidi kuja upesi kulisaidia jeshi la Malkia Margaret, mke wa Mfalme Henry VI, kisha akatulia na watu 2,000 maili sita tu kutoka uwanjani, huku watu wa malkia wakichinjwa na kamanda wao Lord Audley akiuawa. Upande wa pili alikuwepo baba mkwe wake, Earl of Salisbury, na William alikuwa huko huko waziwazi. Mtihani mzito, sikatai. Nani anataka kumchomea mkwewe mkuki? Basi angesema mapema kwamba haji. Audley angejua hana msaada, pengine asingewapeleka vijana wale kufa kwenye mteremko ule.

Mshika mawili moja humponyoka, lakini Stanley hakuponyokwa na kitu. Mfalme Henry VI alikataa kumshitaki mwaka ule wa 1459, na Oktoba 1485 akawa Earl of Derby, cheo ambacho akina Stanley wanacho mpaka leo. Aliyelipa ni William, aliyeamua vita vya Bosworth: Februari 1495 alikatwa kichwa kwa kuhusishwa na Perkin Warbeck, mtu aliyedai taji la Henry Tudor, na ndugu yake akabaki na cheo chake.

Wanaomtetea kwamba alikuwa analinda ukoo, nijibuni hili moja: kama hakukusudia kwenda Blore Heath, aliahidi ya nini?