Ananiuliza "umezipata wapi, mtandaoni?" huku kashika meseji iliyosambazwa mara nyingi

Binti Chanzo:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata kiti hakijapoa.

Mnamjua. Simtaji. Kila ofisi anaye: yule wa "kimsingi", anayezima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani. Huyo huyo.

Wiki tatu nimekaa na kazi moja, kukusanya taarifa za uhakika: mifumo ikizimika kwa mpigo, tunapona au tunazikwa? Wiki tatu! Nimeingia kijana nimetoka mzee. Habari ya Julai 19, 2024 nimeisoma mpaka naiota. Sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za kulinda kompyuta: kigezo kinataja sehemu 21, programu imeleta 20, inakwenda kuchungulia ya 21 ambayo haipo, chali. Windows kama milioni 8.5 skrini buluu. Sasisho lenyewe waliliondoa baada ya dakika 78 tu, ila mashine nyingi zilizokwishaanguka hazikuwaka hata kupokea dawa, ikabidi watu wazipitie moja moja kufuta faili kwa mkono. Na Microsoft walisema hizo hazifiki hata asilimia 1 ya Windows zote! Nimeweka chanzo kila mstari. KILA MSTARI.

Nafika ukurasa wa nne, bwana anavua miwani: "Kimsingi, hizi umezipata wapi? Mtandaoni?"

Mkononi kashika simu. Kwenye simu kuna meseji. Juu ya meseji pameandikwa "Imesambazwa mara nyingi". Akaisoma kwa sauti ya hakimu: kompyuta zote duniani zitazima siku tatu, watu waweke mishumaa. Mwandishi hakuna, tarehe hakuna, alama za mshangao kumi na moja, nimezihesabu. Kikao kizima "mmmh". Jirani yangu kafungua daftari, kaandika "mishumaa", kapigia mstari. Mara mbili!

Nikauliza, bekapu tumejaribu lini kuirudisha tukaona inafunguka? "Bekapu ipo." Sikuuliza kama ipo! Hata ufunguo wa mlango uliobomoka upo!

Umezipata wapi, mtandaoni. Naambiwa mimi. Na mtu mwenye "imesambazwa mara nyingi".

Kebo Fupi:
Nimevuta kiti. Hiyo ripoti kurasa ngapi?

Binti Chanzo:
41.

Kebo Fupi:
Basi mimi niko upande wa mishumaa.

Nyoka wa Shaba:
Mleta uzi acha kudeka. Mwaka 2000 mlitutisha hivi hivi, eti mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili, kompyuta zitadhani 00 ni 1900, ndege zitadondoka. Ilidondoka ipi?

Babu Koboli:
Wewe kijana, kwanza shikamoo iko wapi. Hazikudondoka kwa sababu kuna watu tulikesha tukirekebisha mstari kwa mstari mpaka macho yakawa pilipili. Umezibiwa paa, asubuhi unauliza palivuja wapi! Tena palipoachwa palivuja. Uingereza kompyuta ya vipimo vya wajawazito ilikosea hesabu ya umri kwa kasoro hiyo hiyo, wanawake zaidi ya 150 wakapewa majibu ya uongo. Hiyo hukuiona kwa kuwa haikutoa moshi.

Nyoka wa Shaba:
Shikamoo babu. Lakini ndege?

Babu Koboli:
Marahaba. Toka hapa.

Mchokonozi:
Binti Chanzo, na wewe usijifanye malaika wa takwimu. Mnyoo wa intaneti wa mwaka 1988, ile programu iliyojisambaza yenyewe kompyuta hadi kompyuta, umeuweka?

Binti Chanzo:
Ndiyo. Ukurasa wa 12. Kompyuta 6,000.

Mchokonozi:
😂😂 Hiyo ni ya kukisia! Watu walikadiria kompyuta zilizounganishwa ni 60,000, mtu akasema labda asilimia 10 zimeugua, wakazidisha. Ikaingia vitabuni mpaka leo. Umezipata wapi, mtandaoni?

Binti Chanzo:
...Nimeifuta. Lakini haikuwa na alama za mshangao kumi na moja!! Na yule bwana hakuniuliza ukurasa wa 12, kaniuliza ukurasa wa nne, wenye chanzo, huku kashika simu

Kebo Fupi:
Tumeelewa kashika simu.

Sekunde Moja:
Na 2038 nani kaiandika? Januari 19, saa tisa na dakika 14 usiku kwa saa za Greenwich, mashine zinazohesabu sekunde kwa biti 32 kuanzia 1970 zinajaa, zinarukia Desemba 1901. Yule bwana wenu atafurahi, 1901 hakukuwa na seva.

Babu Koboli:
Hiyo mtajijua. Mimi nimeshakesha zamu yangu.

Paswedi Mpya Tena:
Nyie mna nafuu. Wa kwetu anatulazimisha kubadili paswedi kila mwezi, herufi kubwa, ndogo, namba, alama. Yake kaibandika kwenye skrini. Juzi kaandika kikaratasi kipya juu ya cha zamani, kwa hiyo hata za miezi iliyopita zote zipo, zimepangwa kama kalenda.

Kebo Fupi:
Hiyo ndiyo bekapu sasa 😂

Fundi wa Ghorofa ya Pili:
Kuna mtu hapa kataja paswedi mimi nimepata presha. Ila nambieni, printa inayosema "karatasi imekwama" na ndani hakuna karatasi hata moja mnaifanyaje? Tangu asubuhi nimelala sakafuni na tochi.

Paswedi Mpya Tena:
Fungua mlango wa nyuma. Huwa kuna kipande kidogo kama ukucha.

Binti Chanzo:
Jamani uzi wangu ni wa taarifa za uhakika.

Mchokonozi:
Mkuu subiri kidogo, mwenzetu ana dharura. Fundi, ulizima ukawasha?

Fundi wa Ghorofa ya Pili:
Nilizima.

Nyoka wa Shaba:
Ukawasha?

Fundi wa Ghorofa ya Pili:
Imewaka. Sasa inaandika Kijerumani.