Ushauri wa haraka: fimbo ya flai ya kuvulia trauti, nichukue ndefu au fupi?

MtuWaBara: Habari wakuu, naomba msaada wa wenye uzoefu maana nina presha kweli. Nataka fimbo ya flai (ile ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) ya kuvulia trauti, wale samaki wa mito baridi ya milimani, kuna ya futi 9 na kuna ya futi 7 na nusu, ipi bora? Ninachoangalia mimi ni uimara, sitaki kitu cha kunivunjikia mbele za watu. Nipo Nanyuki kikazi. Naombeni majibu leo leo.

KapulyaWaZiwani: Mkuu mimi ni wa Mwanza, huku mambo ya fimbo hatuna, sangara tunamvuta kwa mkono tu, kamba na ndoano na chambo basi. Marehemu babu yangu alikuwa na alama za kamba kwenye vidole mpaka anazeeka, na alisomesha watoto wote kwa hiyo hiyo kamba. Nakushauri nunua ndoano nzuri, hela nyingine weka mfukoni.

DadaWaKiganjo: MtuWaBara, mto gani? Na hizo fimbo ni namba ngapi? Futi peke yake haitoshi kukujibu.

MtuWaBara: Mto wa kawaida tu dada, wa huku huku milimani. Mimi nimeuliza ndefu au fupi.

DadaWaKiganjo: Mito ya huku hailingani. Ukienda juu kwenye maziwa kama Rutundu au Alice kuna upepo na uwazi, futi 9 inakusaidia kufika mbali. Ukiingia mto wa msituni, miti iko nyuma yako na juu ya kichwa chako, kwa futi 9 utavua matawi. Taja mto.

MtuWaBara: Sawa. Ni Ragati, upande wa msitu wa Mlima Kenya, Jumamosi hii. Naenda na baba mkwe. Na fimbo ni ya futi 9 namba 8, nimeshatoa advansi ya 9,000. Ila naona niko sawa tu, muuzaji kasema kubwa inaweza kazi ya ndogo lakini ndogo haiwezi kazi ya kubwa, na akitokea trauti mkubwa je?

DadaWaKiganjo: Kumbe ulishalipa! Sikiliza kaka yangu, namba sio nguvu ya fimbo, ni uzito wa mshipi unaoendana nayo. Flai yenyewe karibu haina uzito, kinachoibeba ni mshipi, na fimbo inapinda kwa uzito wa mshipi uliotoka nje ya pete ya nchani, maana mshipi unapita kwenye pete zilizofungwa kwenye fimbo. Ragati utarusha futi 15 mpaka 20 hivi, mshipi uliotoka ni mfupi, namba 8 haitapinda, itakaa kama mti wa ufagio. Tena mshipi mzito ukitua kwenye kidimbwi cha maji maangavu trauti wote wanaingia chini ya mawe. Namba 8 watu wanaenda nayo baharini kwenye flai kubwa na upepo. Mto wako unataka namba 3 au 4, futi 7 na nusu. Na akitokea huyo mkubwa, fimbo laini ndiyo inakuokoa, maana ule uzi mwembamba wa mwisho unakatika haraka kwenye fimbo ngumu.

SheikhBakari_TA: Mimi naona tunazungumzia fimbo tunasahau adabu. Ukweni unakwenda na heshima, samaki mkubwa muachie mzee, wewe beba mkoba.

KapulyaWaZiwani: Kwanza hao trauti sio wenyeji wa huko, nilisoma waliletwa 1905 kutoka Uskoti na mzungu Ewart Grogan wakawekwa mto Gura. Na sangara wetu naye aliletwa, wale samaki wadogo fulu aliowamaliza nani anawalilia?

Mpelelezi88: Wakuu hii ni chai. Baba mkwe anayevua flai Ragati atakosa fimbo ya kumwazima mkwe? Huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anaitangaza namba 8 yake kijanja.

KapulyaWaZiwani: Hata mimi nilianza kuhisi, anajibu nusu nusu. Weka ushahidi.

MtuWaBara: Siuzi kitu jamani. Mzee anazo fimbo nne, ila siku ya kujitambulisha nilimwambia nina yangu na huwa navua, ndio maana akanialika. Nikiazima leo binti atanielewaje? Fimbo ninayo hapa: juu ya mpini wa gome la koki imeandikwa futi 9, namba 8, vipande 4, na pete ya nchani ina mchirizi mdogo upande wa chini.

Mpelelezi88: Muuzaji pia angejua hayo yote.

DadaWaKiganjo: Mpelelezi, muuzaji gani ataje mchirizi? MtuWaBara, huo mchirizi umechimbwa na mshipi, hiyo fimbo imetumika sana na pete hiyo itakula mshipi wako mpya. Alikwambia ni mpya?

MtuWaBara: Alisema mpya… Nimempigia sasa hivi, anakubali tubadilishe, nichukue namba 4 ya futi 7 na nusu, ila niongeze 2,000. Niongeze?

DadaWaKiganjo: Uliza kwanza kama mshipi na rili, ile ya kukunjia mshipi, vimo, mshipi uwe namba 4 pia. Pitisha pamba kwenye kila pete, ikinasa usilipe hata shilingi. Kesho asubuhi nenda kwenye bwawa lolote ujifunze kurusha bila kutupa mshipi nyuma: mshipi ukiwa umelala juu ya maji, inua fimbo taratibu mpaka mkono wako ufike usawa wa sikio, tulia kidogo, kisha sukuma mbele, utajibingirisha wenyewe. Usijaribie kwenye nyasi, maji ndiyo yanayoushika. Ragati kote utarusha hivyo, na kuna tembo, kwa hiyo msiingie bila askari wa wanyamapori na leseni zenu mkononi.

SheikhBakari_TA: Na mzee mwambie ukweli kabla ya Jumamosi.

DadaWaKiganjo: Atauona mwenyewe kwenye mrusho wa kwanza sheikh wangu, bora amwambie leo, na huenda akamwazima moja kati ya zile nne hiyo 2,000 ikabaki.