Migunga ya Afrika kunyang'anywa jina la Acacia: ni sayansi au ni kura?

MtiMkavu: Wadau, hili linaniuma toka zamani. Migunga yetu imeitwa Acacia toka karne ya 18, halafu mkutano wa wanabotania wa Vienna 2005 jina likaenda kwa miti ya Australia, migunga yetu ikabaki na majina mapya, Vachellia na Senegalia, na kwenye mkutano wa Melbourne 2011 wakagongelea msumari. Kama DNA ndo inayosema nani ndugu wa nani, kura zilitoka wapi?

BiMbegu: Mkuu, DNA haikugawa jina. Ilichosema ni kwamba ile Acacia ya zamani si ukoo mmoja, basi. Kwa kanuni ya kawaida jina linabaki na mmea wa mfano, yaani spishi iliyochaguliwa kuliwakilisha jina, na mfano ulikuwa wa kwetu, mgunga uitwao nilotica. Wakabadili mfano wakaweka wa Australia kwa sababu kule kuna spishi karibu elfu moja, ikaonekana kuzibadili zote ni vurugu.

MtiMkavu: Na waliopinga kule Vienna walikuwa zaidi ya nusu ya kura! Ila ilitakiwa asilimia 60 kuangusha pendekezo la kamati. Hapo ndo roho inapouma.

MpendaDNA: Tuache hisia jamani. Bila jina la kisayansi mgunga ni nini? Ni jina la wachungaji tu, kwao kila chenye miiba ni mgunga.

MjukuuWaMchungaji: Wachungaji TU? Babu yangu hajawahi kukanyaga darasa na alinifundisha nikiwa mdogo, shika kitawi uangalie, huu miiba yake imenyooka, miwili miwili pale jani linapoanzia, ua la mviringo, ule mwingine miiba ni ndoano inakudaka shati ukijivuta ndo inazidi, ua lake refu kama mkia. Kwake ni miti miwili. Haya, hizo si ndo Vachellia na Senegalia mlizokuja kuzigundua kwa mashine?

MpendaDNA: Umbo linadanganya ndugu. Nelumbo, yaani ua la lotasi, anakaa majini kama yungiyungi, kila mtu aliwaona ndugu, DNA ikaja kusema jamaa zake wa karibu ni miti ya protea. Hilo babu angelijulia wapi?

MjukuuWaMchungaji: Babu yangu mtoe mdomoni.

Hebaria77: Mimi napanga vielelezo vya mimea iliyokaushwa, kuna karatasi moja ya mgunga uitwao xanthophloea ina lebo mbili, ya Acacia na ya Vachellia imebandikwa pembeni yake. Anayekuja kutafuta anapekua makabati mawili. Ugomvi wenu mnaumalizia kwenye mikono yangu.

BiMbegu: Pole sana. Ndo maana nasema lebo ya zamani isitolewe kamwe.

MpendaDNA: @MjukuuWaMchungaji swali la heri, ule wenye miiba iliyovimba, sisimizi wanakaa ndani, drepanolobium, babu aliuwekaje? Kundi la ua la mviringo au la mkia?

MjukuuWaMchungaji: Rudi juu ufute hiyo "tu" kwanza, ndo nikujibu.