Nimeambiwa nina PCOS (ugonjwa wa homoni unaogusa ovari), inatokana na nini?

Binti Muheza: Habari za humu wapendwa. Nina miaka 26, sijazaa. Naweza kukaa miezi mitatu sijaona siku zangu, ndevu zinaota kidevuni, shingo imeweka weusi. Utrasaundi imeonyesha vivimbe vidogo vingi kwenye ovari zote mbili. Mama mkwe anasema ni sindano za uzazi wa mpango. Kuna mtu ananiuzia dawa ya kusafisha kizazi, laki na nusu. Ninunue?

Mkunga Mstaafu: Pole mwanangu. Laki na nusu yako kaa nayo. Hivyo "vivimbe" ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani, si uchafu. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Kwa wengi mwili unakuwa mgumu kuitikia insulini, ile homoni ya kushusha sukari, kongosho linaizidisha, nayo inachochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Ndiyo hizo ndevu, ndiyo mayai kutopevuka na hedhi kupotea. Huo weusi wa shingo nao mara nyingi ni insulini, usijichubue bure. Sindano haileti PCOS, ila huweza kuchelewesha hedhi kurudi.

Msemakweli: Punguza mwili bibie. Wembamba hawana hayo mambo.

Dada Nuru: Kaka, mimi njiti na ninayo, mdogo wangu pia. Unene huikoleza tu, na kweli mnene akipungua hata asilimia 5 hedhi yaweza kurudi. Shoga, mimi walinipima kwanza homoni za tezi ya shingo na prolaktini, ile homoni ya maziwa, maana nazo huvuruga siku.

Mkunga Mstaafu: Umesema vyema. Ongeza na sukari. Hospitali huangalia mambo matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume, na ovari zenye vifuko vingi. Ukiwa na mawili, na magonjwa mengine yameondolewa, ndiyo PCOS. Ila hiyo miezi mitatu bila hedhi usiizoee. Ukuta wa mji wa mimba unazidi kunenepa, na miaka ikienda hivyo saratani inaweza kuingia. Mtoto atapatikana, vidonge vya kupevusha yai vipo, letrozoli kwa mfano, lakini kwa mkono wa daktari.

Binti Muheza: Asanteni sana. Mama yangu ana kisukari, wala sikuwahi kuunganisha. Naenda Jumatatu.

Dada Nuru: Nenda asubuhi hujala. Na mumeo mbebe, mbegu zake zipimwe pia.