HDX-MS: peptidi moja, vilele viwili. Protini inafunguka kweli au mashine inanichezea?

Mchanga_wa_Maabara:
Wakuu, habari zenu. Napima uthabiti wa protini kwa HDX-MS: naichanganya na maji mazito ili hidrojeni zake zibadilishane na deuteri (hidrojeni nzito), nazima mmenyuko kwa asidi ya pH 2.5 kwenye barafu, halafu kolamu ya pepsini (kimeng'enya kinachoikata vipande, yaani peptidi) na spektrometa ya masi inayopima uzito wa vipande. Peptidi nyingi zimetulia. Moja ndefu tu ndiyo inatoa makundi mawili ya vilele, jepesi na zito. Msimamizi ameshafurahi, anasema ni EX1, eneo zima linafunguka kwa mkupuo. Mimi bado nasita. Nihakikisheje?

Pepsini2:
Mkuu, baada ya kila sampuli unapitisha bafa tupu, isiyo na protini? Peptidi ndefu zisizopenda maji hung'ang'ania kwenye kolamu, zinakuja kutoka kwenye mzunguko unaofuata. Humo ndani zimeoshwa na maji ya kawaida, deuteri imeshapotea, kwa hiyo zinatokea upande mwepesi. EX1 feki hiyo, na imeshawaponza wengi.

Bwana_Maharage:
Nimeingia mbio nikijua ni protini za lishe. Naaga.

MzeeWaSpektra:
Maharage, karibu tena 😂
Mleta uzi, fuatilia muda. EX1 ya kweli, makundi hayahami: jepesi linapungua, zito linapanda. EX2, yaani protini inafunguka na kujifunga haraka mara nyingi, ni kundi moja linalotambaa kuelekea uzito mkubwa. Masalia ya kolamu hayajali muda, utayakuta sekunde ya 10 na saa ya 4 vilevile. Kisha panda pH kidogo, maana kasi ya asili ya kubadilishana huongezeka mara 10 kwa kila pH moja, na EX1 hujitokeza zaidi huko juu. Usipande hadi protini yenyewe ivurugike. Na kwenye maji mazito, ongeza 0.4 kwenye namba ya pH mita.

Mchanga_wa_Maabara:
Nimepitisha bafa tupu. Peptidi imo, upande mwepesi! Ila ni ndogo kuliko kundi lenyewe.

Pepsini2:
Basi huenda vyote viwili vimo. Osha kolamu ya pepsini kwa gwanidini yenye asidi ya fomiki na asetonitrili kidogo, hakikisha bafa tupu inatoka safi, ndipo urudie, tena uchanganye mpangilio wa sampuli, usianze na muda mfupi kwenda mrefu. Vilele viwili vikibaki, mpe msimamizi EX1 yake.

MzeeWaSpektra:
Sampuli iliyojaa deuteri kabisa unayo? Kama huna, anza na hiyo, hujui njiani unapoteza deuteri kiasi gani.