Kiwanja cha urithi Kariakoo: tuuze, tuingie ubia au tujenge wenyewe?

Mjukuu_wa_Uani
Wakuu, heshima kwenu. Nyumba ya familia Kariakoo, ile ya Kiswahili ya vyumba sita na ua, imezungukwa na maghorofa pande tatu. Mezani kuna mambo matatu: kumuuzia mtu mwenye pesa taslimu, kuingia ubia na mwekezaji anayetaka kupandisha ghorofa nane, au kujenga wenyewe mdogo mdogo. Bibi hataki kusikia habari ya kuhama, vijana wanataka mgao wao. Jibu linatakiwa ndani ya wiki mbili. Kipi bora?

Wakili_Kivuli
Mkuu, hapo hujasema kitu. Kiwanja kina ukubwa gani? Kina hati? Muda wa hati umebaki miaka mingapi? Jina lililomo ni la nani, na yuko hai? Warithi wangapi?

Mjukuu_wa_Uani
Samahani. Mita 13 kwa 22. Hati ipo, jina la marehemu babu. Warithi saba ukimhesabu bibi. Mirathi haijafunguliwa.

Wakili_Kivuli
Basi kwa sasa hakuna cha kuuza wala cha kuingia ubia. Anza na kikao cha ukoo, muhtasari usainiwe na wote, halafu nendeni mahakamani na cheti cha kifo mkaombe msimamizi wa mirathi. Mahakama ya mwanzo inamtaka msimamizi apeleke orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne, kisha hesabu ya mirathi, Fomu Na. 6, kwa muda itakaoupanga mahakama. Akishateuliwa, jina lake lisajiliwe kwa Msajili wa Hati. Hapo ndipo sahihi yake inakuwa na nguvu. Anayesaini leo anauza mali ya marehemu, na mrithi mmoja tu akienda kuweka zuio, kila kitu kinasimama. Wiki mbili ni za dalali, si za sheria.

Dalali_Mstaafu
Uzeni. Kariakoo ya leo mtu hanunui nyumba, ananunua ardhi. Hivyo vyumba sita kwake ni kifusi cha kulipia lori. Warithi saba kwenye jengo moja ni kesi saba. Ila bei mtakayopatana msiigawe yote kichwani: kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu asilimia 1. Andikeni mapema nani analipa kipi.

Fundi_Nondo
Dalali siku zote jibu lake ni uza 😂 Tupige hesabu. 13 kwa 22 ni mita za mraba 286. Tuseme mmeruhusiwa kujenga robo tatu, hiyo ni kama 214 kila ghorofa. Ngazi, lifti, korido na njia za mabomba zinakula robo nyingine, mnabaki na 160 hivi. Sasa chini kwenye fremu za maduka ndiko kwenye pesa. Upana wa mbele ni mita 13: toa mlango wa kupandia juu, zinabaki fremu tatu za mita 3 zinazotazama barabara. Nyingine zote ni za ndani ya korido, na kilemba (pesa anayotoa mpangaji ili apewe fremu) cha fremu ya ndani si cha fremu ya mbele. Kwa hiyo mwekezaji akisema "tugawane nusu kwa nusu, ninyi ghorofa nne za juu, mimi nne za chini", amewapiga. Gawaneni kwa thamani, si kwa idadi ya ghorofa. Kila upande upate fremu za mbele.

Mama_Bungoni
Naongezea jinsi ubia unavyooza, maana njia yake huwa ni ileile. Ipo familia moja Ilala, kiwanja kama hicho. Mwekezaji aliomba hati halisi "ya kufuatilia kibali cha ujenzi". Mkataba haukukataza kuiweka rehani, na walikuwa wamempa nguvu ya kisheria ya kushughulikia kila kitu, naye akachukulia mkopo. Familia ikapangishiwa nyumba Tabata, pango linalipwa na mwekezaji. Jengo lilipofika slabu ya tatu mkopo ukakauka. Fundi akaondoka na mbao zake, pango nalo likakatika. Barua iliyofuata ilitoka benki, na kilichotakiwa kuuzwa si slabu tatu, ni kiwanja chote. Mkataba ulikuwa unataja ghorofa watakazopata, hautaji tarehe ya kukabidhiwa, hautaji faini ya kuchelewa, na hausemi pango likikatika nini kinafuata.

Dawa yake: hati ikae kwa wakili wa familia, mwekezaji apewe nakala iliyothibitishwa. Rehani ikatazwe kwa maandishi. Pango la mwaka mzima lilipwe mbele kabla tofali la kwanza halijabomolewa. Na mkataba useme jengo likiisha kila sehemu itatolewa hati yake, kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo Na. 16 ya 2008. Bila hivyo mnamiliki maneno.

Kitochi
Muulizeni pia mwekezaji kama anataka basementi, yaani ghorofa ya chini ya ardhi. Novemba 2024 tumeona wenyewe jengo likianguka hapo Kariakoo.

Fundi_Nondo
Hapo pa kusimama kabisa. Mchanga wa Kariakoo ukichimba kidogo unakuta maji. Ukivuta maji kwa pampu usiku na mchana, mchanga laini nao unatoka, na msingi wa jirani unabaki hewani. Kwenye uwanja wa mita 13 uliobanwa pande tatu, basementi bila ukuta wa kuzuia udongo ni kumchimbia jirani kaburi.

Kitochi
Ila wapo wanaosema shida ni zege bovu, si basementi.

Fundi_Nondo
Vyote. Zege linaharibika pale wanapoongeza maji ili limwagike kirahisi. Dai vipimo: michemraba ya sentimita 15, ivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28, kila slabu. Asiyekuonyesha karatasi hizo asipandishe nguzo. Mkandarasi muulizie Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa jina lake, siyo kwa bango.

Mjukuu_wa_Uani
Na kujenga wenyewe je?

Fundi_Nondo
Inawezekana, ila msingi lazima uchorwe kwa ghorofa zote tangu mwanzo, hata kama mtaishia moja. Nondo mtakazoacha juu zipakwe uji wa saruji na kufunikwa zege jepesi. Hewa ya chumvi ya Dar ikizila miaka mitano, ni za kukata.

Bi_Mkubwa_Magomeni
Mmesahau anayeishi humo. Bibi huyo anataka ua: kuanika, kupikia, kuweka turubai siku ya msiba. Ghorofani turubai linafungwa wapi? Barabarani kwa kibali. Kaya 644 za Magomeni Kota, zilizobomolewa nyumba zao za zamani, zilirudi kwenye maghorofa 2022, choo ndani, maji ndani, lakini baraza la mlangoni halikupanda nao ngazi.

Dalali_Mstaafu
Bi Mkubwa, shikamoo, lakini ua wa Kariakoo sasa hivi haupati hata jua. Maghorofa matatu yameshalila.

Bi_Mkubwa_Magomeni
Marahaba. Jua limekwenda, majirani bado wapo. Na jeneza mtalishushaje?

Kitochi
Lifti ipo, Bi Mkubwa.

Fundi_Nondo
Lifti ipi? Ya watu wanane ina kina cha mita 1.4. Jeneza ni mita mbili, utalisimamisha? Inayobeba machela ni ya kilo 1,000, kina mita 2.1, na shimo lake linakula nafasi ya fremu. Mwekezaji hatawawekea asipolazimishwa na mchoro.

Mjukuu_wa_Uani
Mwekezaji kapiga tena sasa hivi. Anasema mirathi atatusaidia yeye kuiharakisha, tumpe hati tu.

Mama_Bungoni
Usimpe!

Dalali_Mstaafu
Huyo wa taslimu amesema anatoa ngapi? Nitumie inbox.

Kitochi
Hiyo lifti ya machela inauzwaje kwa sasa, kuna anayejua?